Neno la Nyama, Neno la Mtu

Waingereza wana maneno mengi ya kufa kuliko vifo vyenyewe, na Mukantwari alijifunza maneno hayo kwa ajili ya jambo moja tu.

Miaka yote aliyofua nguo katika nyumba ya Madamu, mzungu wa mtaa wa Kiyovu, mdomo wake ulikuwa mumewe, Hakizimana. Hakizimana alitunza bustani, na Kiingereza alikiokota Uganda alikokwenda kuchuma kahawa ujanani. Madamu akisema, yeye anageuza; mkewe akijibu, yeye anarudisha. Mwezi wa nne, vita vilipopamba moto, Madamu akaondoka na wazungu wenzake, nyumba akawaachia wao wawili waiangalie. Haikupita wiki, wenye mapanga wakaruka ukuta. Mukantwari alikuwa amejificha darini. Aliposhuka alimzika mumewe mwenyewe, pale pale chini ya ukuta, kwa jembe la bustani, bila sanda wala sala. Jambo hilo lilimkaa rohoni usiku na mchana. Alitaka amtoe, amvike sanda, ampeleke kwao Kagugu akazikwe na watu wake. Lakini ua ulikuwa wa Madamu, na mfanyakazi hachimbi ua wa watu bila ruhusa.

Basi vita vilipokwisha, habari zikaja kwamba Madamu anarudi. Mukantwari akaenda kwa Winifred, binti aliyezaliwa Uganda, aliyekuwa akifundisha Kiingereza barazani pa kanisa. Winifred alimfundisha kwa moyo wote. Ua la waridi hunyauka: "wither". Pazia huchujuka rangi: "fade". Nyama huoza: "rot".

"Na mtu, mama, ni 'pass away'," alisema. "Hilo la nyama usithubutu kulitumia kwa binadamu. Watakuona huna adabu."

Mukantwari alielewa mara moja. Hata kwao mtu wa heshima hasemwi kwamba amekufa. Husemwa ameitika wito wa Mungu. Akalibeba neno lile hadi nyumbani kama mtu aliyebeba yai.

Madamu alirudi mwezi wa kumi na moja. Alizunguka nyumba akiuliza, na kila swali Mukantwari alikuwa na jibu lake. Nyama ya kwenye friji? "Rot." Mapazia? "Fade." Na waridi? "Wither." Madamu akatabasamu kidogo kwa kusikia mfuaji wake amepata ulimi. Kisha akashusha sauti, akauliza Hakizimana yuko wapi.

"Passed away," alisema Mukantwari.

Neno lilitoka safi, mwalimu wake angefurahi. Madamu akamshika mkono, macho yakajaa machozi, akampa pole, tena pole ya kweli. Mukantwari akasubiri maswali mengine. Hayakuja. Madamu hakuuliza nani alimfanyia nini, wala alizikwa wapi. Neno lile la heshima lilikuwa limeshamlaza Hakizimana kitandani, likamfumba macho, likamzika na padri, shughuli ikaisha. Mjane akabaki amesimama jikoni na Kiingereza chake kimemwishia.

Kesho yake Madamu alitoka nje na vigingi na kamba. Alitaka kumwaga zege chini ya ukuta, magari yapate pa kuegeshwa. Akampa Mukantwari ncha ya kamba ashike, naye akaishika. Hapo, kusema kweli, mimi namkasirikia. Lakini mtu aliyelelewa kwa "ndiyo Madamu" maisha yake yote, hapana yake ataitoa wapi? Mficha maradhi kilio humfichua. Madamu alikuwa akirudi nyuma akivuta kamba, mpaka akasimama pale penyewe.

Mukantwari akaiachia kamba.

"Rot," alisema.

Madamu alidhani ni kigingi. Akainama, akakigonga kwa kidole, akasema mbona kizima.

"Hakizimana," alisema Mukantwari. Kisha kwa Kiingereza chake cha kuungaunga akasema kwamba walimuua, kwamba alikuwa anaoza hapo, hapo Madamu alipokanyaga. Alitumia neno lile lile la nyama ya friji, na akalirudia, huku analia kwa uchungu na kwa aibu, maana mume mwema kama yule hakustahili kusemwa kwa neno lile. Lakini lile la heshima lilikuwa halina mahali, na hili lilikuwa na mahali.

Madamu akatazama chini. Akaondoa mguu mmoja, kisha wa pili, taratibu, akaja kusimama upande wa Mukantwari. Kisha Madamu akauliza kwa sauti ndogo anataka afanyiwe nini.

Mukantwari hakutafuta neno. Alikwenda kibandani akarudi na lile jembe la bustani.