Neno Lisilo na Irabu

Mwaka 1956, katika shule moja karibu na mto Lumemo, Mwalimu Theodori aliwaambia wanafunzi kwamba kila neno la Kiingereza lina irabu: a, e, i, o au u. Balbina, binti wa mkulima wa mpunga kutoka Idete, akasimama.

“Mwalimu, *sky* halina hata moja.”

“Unanibishia? Toka nje! Hutarudi mpaka ukiri kosa.”

Balbina alitoka, lakini hakukiri. Aliokota kijiti akaandika mchangani: *fly, dry, cry, why*. Jua lilimchoma, naye akazidi kuandika. Alipofikisha maneno kumi na moja, mwalimu alitoka, akayasoma yote kimya.

“Ingia,” alisema.

“Nimekosea, mwalimu?”

“Hujakosea.”

Hapo ndipo Balbina alipoingia.