Ukibeba, Usinywe

Verlene alishinda kwa kizibo kimoja. Tangu asubuhi, kwenye mashindano ya wapika bia, watu walikuwa wakipita kwenye mapipa, wakionja bia na kutumbukiza kizibo cha chupa kwenye mtungi wa mpishi aliyewakuna roho, na vilipohesabiwa, Hoyt Ledbetter, bingwa wa miaka nenda miaka rudi, aliachwa kwa kimoja tu. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Verlene, mjane wa miaka sitini na ushee, mpika bia ya asali ya mtama, ile sharubati nzito ya mabua yake, alirukaruka kama mtoto aliyeletewa nguo ya sikukuu.

Alipoinua mikono, shati la marehemu mumewe likapanda, na kitu kizito kikamgonga ubavuni. Bastola.

Alfajiri alikuwa ameivaa kwenda bandani, kwa sababu ya mbweha wanaomaliza kuku wake, na akasahau kuivua, maana Verlene na bastola ni kama wewe na soksi. Sheria ya jimbo lao la Tennessee, Marekani, haina mafumbo: penye pombe, ukibeba usinywe, ukinywa usibebe. Na langoni alisema kwa kinywa kipana kwamba hana silaha, akafungwa mkononi utepe wa njano wa wanywaji. Salama yake ni kwamba tone lilikuwa bado kupita kooni, kwa kuwa mpishi haonji yake kabla ya matokeo. Ila mshindi sharti amalize kikombe jukwaani kabla banjo za wimbo wa ushindi hazijanyamaza, la sivyo kombe linakwenda kwa wa pili.

Na banjo zilikuwa zimeshaanza.

"Mbona umeganda, bibie?" Hoyt akamwuliza. "Unaiogopa bia yako mwenyewe?"

"Nakwenda kupaka rangi ya mdomo, bwana. Kombe halipokelewi na midomo mikavu."

Angeweza kumkabidhi bastola Rudell, askari wa zamu pale jukwaani, mtoto wa dada yake. Lakini mwezi uliopita, kwenye mkutano wa wilaya, Hoyt alipotaka watu waachiwe wanywe na bastola zao kiunoni, ni Verlene aliyesimama na kusema, "Asiyejua bastola yake ilipo asipewe hata kijiko." Ukumbi ulicheka mpaka Hoyt akachukua kofia yake na kutoka. Leo avuliwe bastola mbele ya Hoyt huyo huyo? Afadhali ameze vizibo vyote vya mtungi.

Gari lake lilikuwa mbali, kule malishoni. Kila mkono aliouangalia ulikuwa na utepe wa njano, isipokuwa mmoja: wa Imogene, dada yake mkubwa, mama yake Rudell, mlokole aliyekuwa akiuza maji ya limau langoni, na ambaye hakuwahi kula tena mezani kwa Verlene tangu pipa la kwanza lilipochemka. Verlene akatimua mbio, akijipenyeza kati ya matumbo na vikombe.

"Dada, nishikie. Upesi. Iko kiunoni."

Imogene alirudi nyuma. "Siwezi."

"Unataka nikupigie magoti? Wilaya nzima ni wewe tu hujanywa."

"Siwezi, nimekwambia."

Dada mtu alikuwa ameiva uso mpaka masikioni. Akafunika kikombe chake kwa kiganja, lakini alishachelewa. Harufu ile ya mtama Verlene angeijua hata usingizini.

"Nilijichotea watu walipokwenda kula," Imogene akanong'ona. "Nilitaka kuonja tu. Nikaonja tena. Kisha nikatia kizibo."

"Mtungi wa nani?"

"Usinitie aibu, mdogo wangu. Wa nani mwingine?"

Verlene alifurahi kuliko alivyofurahi kutajwa mshindi. Alitaka kumkumbatia pale pale, ila banjo zilikuwa zinaelekea ukingoni. Akageuka, akakimbia, akapanda jukwaani akihema, akampa Rudell mgongo.

"Mwanangu, iko kiunoni. Itoe wewe, taratibu."

Rudell aliitoa, akamwaga risasi, na watu wakaona. Hoyt hakungoja.

"Kijiko! Mleteeni mama kijiko!"

Watu walicheka hadi kushikana mabega.

"Mama mdogo, na hili la kudanganya langoni tutaongea kesho," Rudell akasema. "Lakini si ungempa mama? Asiyegusa pombe uwanjani ni yeye peke yake."

Kipaza sauti kilikuwa karibu, na Hoyt alitega sikio. Kule langoni Imogene alisimama wima, hatikisiki.

"Mama yako ana wateja," Verlene akasema. "Mbovu ni kichwa changu. Hoyt, kiko wapi hicho kijiko? Nimekistahili."

Akashika kikombe, akainua, akanywa bila kupumua. Kilipokauka, banjo bado zilikuwa na uhai kidogo, na kelele zilizofuata zilizimeza.

Langoni, Imogene aliinua kikombe chake juu kuliko vya watu wote, akakigugumia mpaka mwisho.

"Mtazame mama," Rudell akasema. "Anavyokunywa limau utadhani katoka jangwani."

"Mwache anywe, mwanangu. Yeye hajabeba."