Maua Meupe ya Kinamasi

Dada yangu Spéciose alipofika Etobicoke, hapa Kanada, kutoka Likasi kwetu Kongo, sikumpeleka kwanza madukani. Nilimpeleka kwenye msitu wenye kinamasi, kaskazini ya jiji, akaone okidi zangu. Nasema zangu kwa sababu mimi ndiye niliyezigundua, mwaka jana: maua meupe madogo, yamepandana kwenye shina moja moja. Majina yake niliyajua kwa masomo ya jioni niliyoyaanza baada ya kustaafu kiwandani. Jumamosi chama chetu cha wapenda mimea kingekuja kuyaona, na kiongozi wa safari ningekuwa mimi, Félicien. Mtu wa kwetu hajawahi kupewa kazi hiyo.

"Mbegu moja hukaa miaka mpaka ichanue," nilimweleza dada. "Hapa hatukanyagi ovyo."

"Na chini yake kuna nini?"

Nilifurahi. Wengine huuliza harufu tu. Nikamweleza juu ya viazi vidogo vinavyotunza chakula cha mmea, naye akaitikia kama mwanafunzi mzuri. Kisha akasema magoti yanamuuma, apumzike pale kwenye gogo na kikapu chake. Nikamwacha, nikaenda kukagua njia ambayo wageni wangepita.

Ijumaa jioni aliniandalia bukari, ugali wa kwetu, na kando yake vipande vya kahawia, vigumu kidogo, vinanukia karanga na pilipili. Kikanda, ule mkate wa unga wa viazi vya porini. Mama alikuwa akitupikia. Sikuwa nimekionja tangu nitoke nyumbani.

"Umekipitishaje uwanja wa ndege?" niliuliza, nikichukua kipande cha pili.

"Nani kakwambia nilikuja nacho?"

"Umekinunua wapi, basi?"

"Félicien, si wewe mwenyewe ulinipeleka?"

Mkono wangu ulibaki juu ya sahani.

"Dada. Yale maua."

"Maua nimeyaacha palepale. Nilichukua vya chini tu, nikavikausha kwenye jiko lako, nikatwanga."

"Vyote?"

"Vidogo vile, nibakize nini? Ninyi watu wa huku mna mambo. Chakula kimejaa porini, mnakwenda kukipiga picha." Akanisogezea sahani. "Kula, mdogo wangu. Umekonda."

Nilitaka kutema, lakini mdomo ulikuwa umejaa ladha ya mama, na aliyepika ni mkubwa wangu. Nikameza.

Simu ikalia. Alikuwa Bi Nurjehan, mwenyekiti wa chama.

"Mzee Félicien, kesho watu wengi. Nimewaambia waje na kamera zao."

"Bi Nurjehan, okidi hazipo tena. Zimechimbwa. Zimeliwa."

"Zote? Masikini. Paa hao, mzee. Mwaka jana waliniharibia bustani nzima."

Spéciose alikuwa akifuta meza polepole, amenikazia macho. Ningesema ndiyo, jambo lingekwisha, na mwakani ningepewa tena kuongoza.

"Si paa," nilisema. "Ni sisi. Nimetoka kumeza sasa hivi."