Jina Pembeni mwa Mchoro

Mfagiaji alikuwa bado anadeki ukumbi Mama Mistari alipopita kwa vidole vya miguu, viatu mkononi, kimoja kimeachama mbele. Aliwasha kompyuta kabla hajaketi. Katika ofisi ile ya wahandisi, michoro yote ya barabara mpya ilikaa kwenye folda moja ya pamoja, na utaratibu ulikuwa mmoja: anayewahi kulifungua faili ndiye anayechora, anayechelewa anatazama tu.

Alilifungua. Roho ikatulia kidogo.

Miaka nenda rudi alikuwa amechora barabara za watu kwa mkataba wa kibarua, akiahidiwa ajira kila barabara inapoisha. Safari hii bosi alimwambia kabisa, "Huu mradi ni wako, Mama." Halafu akaja kaka wa mke wa bosi, shahada yake haijakauka wino. Bosi alimwita Shemeji, basi ofisi nzima ikamwita Shemeji, mke wa mtu akawa mke wa wote. Usimamizi wa mradi akapewa yeye. Na kwenye kile kisanduku cha pembeni mwa mchoro, panapoandikwa aliyesanifu, likakaa jina lake.

Tangu siku hiyo kijiba cha roho hakikumtoka Mama Mistari. Alimwonea wivu kijana kwa kila kitu: kiti kinachozunguka, bima ya matibabu ilhali mwanawe mwenyewe anakohoa nyumbani, hata namna alivyopiga miayo bila kumwogopa mtu.

"Mama Mistari, niachie basi faili," Shemeji alisema, chai mkononi. "Linaniambia nitazame tu."

"Tazama, mdogo wangu. Macho hayana pazia."

Wenzao wakacheka. Shemeji naye akacheka, akaenda zake kunywa chai. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Siku mpimaji alipoleta vipimo vipya vya ardhi, Shemeji hakuwepo.

"Lile bonde liko chini kuliko tulivyodhani," mpimaji alisema. "Kalavati mliyochora ni ndogo, maji yataishinda. Mwambie Shemeji."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alinakili folda nzima kwenye kompyuta yake, akaingiza vipimo humo tu, akapanua kalavati ya kupitisha maji chini ya barabara. Folda ya pamoja akaiacha na ardhi ya zamani. Aliye juu mngoje chini. Angengoja kikao cha kukagua michoro, aweke michoro miwili mbele ya bosi, anyamaze. Aliuona kabisa uso wa Shemeji utakavyosinyaa, akalala usingizi mzuri.

Kikao hakikufanyika. Mheshimiwa mmoja alitaka tingatinga zionekane barabarani kabla ya kampeni. Shemeji akachapa michoro kutoka folda ya pamoja, bosi akaigonga mihuri huku anaongea na simu. Mama Mistari alipopata habari alikimbilia mlangoni kwa bosi.

"Bosi, lile bonde, kuna vipimo..."

"Umeanza tena, Mama? Wivu wako ofisi nzima inaujua. Mwache kijana afanye kazi."

Mlango ukafungwa. Angeweza kugonga tena. Alirudi kwenye meza yake, na moyoni, aibu kusema, alitamani maji yaje.

Yakaja. Mvua kubwa ya kwanza baada ya barabara kujengwa iliishinda kalavati, maji yakarudi nyuma yakaingia nyumba za bondeni. Bibi mmoja mgonjwa alikufa maji kabla hajatolewa kitandani.

Wachunguzi walipotoa taarifa kuwa wanakuja, bosi alimwita Mama Mistari. Shemeji alikuwa amekaa kando, anatazama viatu vyake.

"Mpimaji anasema vipimo alikupa wewe."

"Nilikuja kukuambia, bosi."

"Viko kwenye kompyuta yako, kwenye folda ya pamoja havipo. Nani alivificha, mimi?"

Mama Mistari akamgeukia Shemeji.

"Mimi nilichapa kilichokuwepo," Shemeji alisema taratibu.

"Na muhuri, bosi? Uligonga bila kutazama."

"Nenda kwenye meza yako, Mama."

Alikwenda. Akabofya lile faili, na kwa mara ya kwanza akakuta amewahiwa: lilikuwa mikononi mwa mwingine, yeye aliruhusiwa kutazama tu. Kisanduku cha pembeni kilikuwa kitupu, jina la Shemeji limefutwa. Akalifunga, akalifungua tena. Sasa palikuwa na jina lake kamili, lile ambalo hakuna aliyewahi kumwita humo ndani, limeandikwa bila kosa hata moja, na tarehe ya kabla ya mvua.

Nyuma yake mashine ya kuchapa ikaanza kunguruma.