Harusi Kwenye Sinia

Jumatano moja baada ya sala ya alasiri, Basma binti Hashil alichukua sinia la wali lililotoboka, akaliweka juu ya matofali manne chini ya mlimau uani kwao Ibra, Omani, akaanza kulijaza udongo. Lilikuwa sinia kubwa, la kulia watu kumi. Udongo ulitoka shambani kwao Al Qabil, na kokoto alizichagua mwenyewe moja moja bondeni Tiwi, siku ambayo wenzake wote walikwenda kuogelea. Mwaka wa pili ulikuwa unaisha tangu amalize chuo Nizwa, kazi bado haijatoka, kwa hiyo wakati alikuwa nao.

Vijumba vitatu alivijenga kwa mbao za kasha la tende. Milango ilikuwa ya vijiti vya aiskrimu, mapazia ya vipande vya leso, na vitawi vya mrehani ndiyo miti. Akachonga falaji, mfereji wa kunyweshea mashamba, kwa ncha ya kisu, maji yake yakitoka kwenye mpira wa kiyoyozi cha chumba cha baba yake, tone kwa tone. Mwisho akazungusha taa ndogo za rangi zinazotumia jua.

Bibi yake, aliyezaliwa Unguja na kuletwa Ibra angali kigori, alitolewa kiti nje aje atazame.

"Nyumba nzuri," alisema Bibi. "Baraza iko wapi?"

"Baraza ya nini, Bibi? Hamna watu humu."

"Na watakujaje, na hamna pa kukaa?"

Basma akaongeza baraza mbele ya kila nyumba. Alhamisi asubuhi watu saba walikuwa wamekaa kwenye baraza ya nyumba ya kati, kila mmoja urefu wa kidole, wakizungumza habari za joto.

"Shikamoo, Bibi," walisema kwa sauti nyembamba.

"Marahaba, wanangu. Mmestarehe?"

Walisema wamestarehe. Hashil alitoka na kanzu yake iliyopigwa pasi, anakwenda ofisini, akasema, "Hayyakum, hayyakum, karibuni," akainama kutaka kuwauliza ukoo wao. Bibi akamkata jicho. Mgeni haulizwi habari zake kabla ya siku tatu. Ghaniya, mama yake Basma, alikuwa na swali moja tu: wameshakunywa kahawa?

Walikuwa hawajanywa. Rahila akaitwa.

Rahila alikuwa mtu wa Muheza, upande wa Tanga, na huu ulikuwa mwaka wake wa nne kupika na kufua katika nyumba hiyo. Bibi alimpenda kwa sababu alikuwa na Kiswahili cha kujibizana. Paspoti yake ilikaa kwenye kabati la Hashil, pamoja na paspoti za watu wa nyumbani, isije ikapotea. Asubuhi ile alivitafuta vifuniko vya chupa za dawa ya macho ya Bibi, akamimina kahawa kwa sindano ya hospitali, tone moja moja, na tende akaikata vipande hamsini.

Jumamosi wageni walifika arobaini. Habari za kukaribishwa vizuri husafiri. Rahila sasa aliamka saa kumi alfajiri, kwa kuwa vyombo vya wageni vilioshwa kwa pamba za masikio na vilichukua muda.

"Wageni baraka," alisema Ghaniya.

"Kweli, Mama," alijibu Rahila, akisugua kifuniko. "Na baraka zenyewe hazinywi kahawa iliyopoa."

Adhuhuri ya siku ile alimwita Basma jikoni. "Mwanangu, Mwanahawa wangu anaolewa Ijumaa ijayo. Ndiyo binti yangu pekee. Mkataba wangu umekwisha toka Rajabu. Mama kaniambia nitakwenda baada ya Idi, na Idi imekwenda zake. Nisemee kwa baba yako. Mie nikisema, nitaonekana nimeota pembe."

"Nitasema, Dada Rahila."

Basma alikuwa mtu wa haya. Hata dukani akipewa mkate wa jana alishukuru, akaondoka nao. Siku mbili alijizoeza maneno yale mbele ya sinia, kwa kuwa hapo hakuona tabu. Baba, Dada Rahila anaomba ruhusa. Baba, Dada Rahila ana haki.

"Ongeza sauti, mwanangu," alimwambia mmoja wa wageni, mama mtu mzima mwenye buibui. "Sie tuko chini ya pua yako na hatukusikii. Atasikia yeye, na kiyoyozi kinanguruma?"

Basma akasema Jumanne, wakati wa chakula cha mchana. Alisema yote, mpaka lile neno la haki, huku akiitazama sahani.

"Nani kamzuia?" Hashil aliuliza kwa upole. "Humu ndani hafungwi mtu."

"Na paspoti yake, Baba?"

"Iko salama," alisema Hashil, kama aliyeulizwa hali ya mgonjwa.

"Mwanangu weye!" alisema Ghaniya. "Na wageni arobaini? Atawahudumia nani? Watu watasema tumewaalika kuja kuona njaa. Wakiondoka wageni na yeye aende, inshallah. Hebu nipe achari."

Basma akampa achari.

Siku tatu za adabu zilikuwa zimeshapita, kwa hiyo alasiri Hashil aliwauliza wageni safari yao lini. Hawakuwa na paspoti wala mizigo ya maana.

"Tutaondoka siku tutakayo," alisema mama mwenye buibui.

"Bila shaka," alisema Hashil. "Mgeni hashikwi."

Basma alipokosa la kusema alitafuta la kutengeneza. Jumatano alikaa na Rahila jikoni, akamwomba amwelezee kwao. Akajenga nyumba ya nne kwenye pembe ya sinia: ya udongo, paa la bati lililokatwa kutoka kopo la maziwa, mchungwa mmoja nyuma, jiko la kuni pembeni. Alitaka kumliwaza. Rahila alikuja kutazama, mikono imejaa unga.

"Dirisha la chumba changu liko huku," alisema, akaonesha kwa kidole bila kugusa. "Na hapo panakaa pipa la maji." Akasimama pale mpaka unga ukamkaukia mikononi.

Ijumaa, baada ya sala, nyumba ya nne ilikuwa na watu.

Hawakuwa wale wageni arobaini. Wale walikuwa wamekaa kwenye baraza zao, wakitazama kwa heshima kama majirani. Hawa walikuwa wamefunga turubai, wamepanga masufuria ya pilau, na wanawake wamevaa sare za kanga. Ngoma ilikuwa inapigwa. Katikati ya jamvi alikaa msichana mmoja, mikono yake imechorwa hina, urefu wake kidole.

"Mwanahawa huyo," alisema Rahila.

"Mashallah, mzuri," alisema Bibi. "Kachukua paji lako."

Viti vikatolewa. Hashil alikaa mbele, Ghaniya pembeni yake, Bibi na miwani yake. Kutoka kwenye sinia ikasikika sauti ya bi harusi.

"Mama bado?"

"Kasema yuaja," alijibu shangazi yake, aliyekaa mahali pa mama. "Akishawahudumia wageni."

Rahila akapita baina ya viti, akainama juu ya sinia. Kivuli chake kikaangukia harusi yote. "Mvua hiyo!" mtu akapiga kelele. "Ondoeni majamvi!" Ngoma ikanyamaza, masufuria yakafunikwa, na wanawake wawili wakamshika bi harusi mikono wamkimbize ndani. Mwanahawa akainua uso, akalitazama lile wingu, asilitambue.

Rahila akarudi nyuma. Jua likatoka, majamvi yakatandikwa upya.

Akajaribu tena, kutoka upande wa mlimau, taratibu. Mawingu yakarudi vilevile.

"Usilie hapo, mwanangu," alisema Bibi. "Utawafurikisha."

Basi Rahila alikwenda kusimama kwenye mlango wa jiko, mahali ambapo kivuli chake hakikufika popote. Kutoka hapo aliona migongo ya viti. Ghaniya, ambaye alikuwa na huruma, alimpigia kelele kila hatua asije akakosa kitu: "Sasa shekhe kaingia! Sasa anaulizwa! Kakubali, Rahila, kakubali! Sasa wanamtunza!" Rahila akajibu, "Alhamdulillah, Mama," kila mara, kwa sauti ile ile.

Walipomwingiza bi harusi ndani, Hashil alifuta macho. Alikuwa mtu anayeguswa upesi na harusi.

"Ametosheka sasa," alisema. "Kaiona kwa macho yake, hapa hapa nyumbani, bila tabu ya viwanja vya ndege. Safari tena ya nini?"

Ghaniya alimbusu Basma kichwani. "Mikono yako ina heri, mwanangu. Tungefanyaje bila weye?"

Hashil akatoa simu mfukoni, akafungua mahali pa kuongeza mkataba wa Rahila, akachagua miaka miwili. Basma aliinuka. Safari hii maneno aliyapata, yote, na kwa mpangilio wake, na sauti ikamtoka mpaka wageni kwenye baraza wakageuka. Lakini baba yake alikuwa ameshabonyeza, na simu ikamjibu, kwa lugha mbili, kwamba ombi limekubaliwa.