Fundo la Rubya

Kipande cha Ntirampeba, kadi yake ya kibarua, kilikuwa na vyumba thelathini, kila siku ya kazi chumba chake, na penseli ya kutia alama aliishika Ephrasia. Katika kibanja kile cha Muleba ni yeye tu aliyejua kuandika, maana alisoma shule ya jioni mpaka mimba ilipomlemea. Mumewe, Mutembei, alimpa amri moja: "Mvua ikikatiza kazi, usitie alama. Mrundi huyo atajuaje?"

Akatii. Mshahara ulitoka vyumba vikijaa, basi Ntirampeba, aliyekuja kwa miguu toka Urundi kutafuta mahari, akawa anangoja.

Jioni vilipojaa, alikuja na kamba ya mgomba yenye mafundo.

"Mama Anatolia, mimi sisomi, nafunga. Haya ni thelathini na tisa. Mwezi wa huku Buhaya una tumbo kubwa!"

Alicheka. Ephrasia hakuweza.

"Na hili nene?"

"Siku ya Rubya, mama."

Siku ile mvua ilimwagika, Ephrasia akigumia kwa uchungu wa uzazi, na Ntirampeba ndiye aliyeshika machela mbele mpaka hospitali ya Rubya, magoti topeni. Ephrasia aliporudi na kichanga chake, Anatolia, Mutembei alimwambia airuke siku ile kwenye kipande. Akairuka, mtoto akinyonya.

Sasa Ephrasia alimkuta mumewe barazani akitafuna punje za kahawa.

"Baba Anatolia, tumemlia mtu siku tisa."

"Tisa zipi? Hata ya Rubya? Hakugusa jembe!"

"Alinibeba mimi."

"Kwani wewe ni shamba?"

"Waitu, mume wangu, usinichekeshe. Wewe ulisema tu. Mkono ulioiruka ni huu wangu."

Mutembei akatema ganda, akamtazama mtoto mgongoni kwa mama yake.

"Haya, andika. Lakini mwezi ujao mvua isinyeshe!"

Ephrasia akatoa kipande kipya, akatia alama tisa, akianza na ya Rubya. Hakukirudisha sandukuni kilikolala cha kwanza, alikiweka kiganjani mwa Ntirampeba.

"Kitalala kwako. Kila jioni mimi naandika, wewe unafunga. Visipolingana, hatuachani mpaka vilingane."

"Hata siku za mvua?"

"Hata za mvua. Na tarakimu nitakufundisha."

Ntirampeba akapapasa alama ya kwanza kwa kidole gumba, taratibu, kama anayegusa uso wa mtoto.

"Asante sana, mama."

Ephrasia akainamisha kichwa. Afadhali Ntirampeba angemtukana kuliko kumshukuru kwa siku zake mwenyewe.