Kina cha Machimbo

Wanafunzi wake walimwita Kambare kwa sababu ya masharubu yake machache marefu, na hata alipostaafu kufundisha kuogelea, jina lilimganda. Alikuwa akiandika kitabu cha mabwawa na mito ambako mtu anaweza kuogelea bila kuhatarisha roho: kina, mawe, pa kuingilia na pa kutokea. Asichokipima hakukiandika. Mdogo wake wa kike, fundi cherehani, ndiye aliyepiga makasia, huku akilalamika kwamba nguo za watu zinamsubiri.

Bwawa la kumi na saba lilikuwa machimbo ya zamani ya mawe yaliyojaa maji. Walifika saa sita mchana, jua la utosi, hakuna hata kijiupepo. Kambare alishusha kamba yenye jiwe nchani. Kila mita dada alikuwa ameshonea kitambaa chekundu. Vitambaa ishirini na viwili vilizama, kamba ikalegea.

Alipoivuta, juu kidogo ya jiwe palikuwa na fundo.

"Imejisokota tu," alisema.

Dada aliligeuzageuza fundo vidoleni. "Kaka, kamba hujisokota, haijifungi. Hili limepitishwa mara mbili na kukazwa. Hata mimi sifungi hivi."

Akashusha tena. Yakaja mafundo mawili. Mara ya tatu kamba ilikaza kama imeshikwa, kisha ikaachiwa taratibu. Ikapanda nyepesi. Jiwe halikuwapo, na ile ncha iliyochakaa siku nyingi ilikuwa imezungushiwa nyuzi zake zenyewe, vizuri kabisa, isifumuke.

Kambare alianza kuvua shati.

"Unafanya nini?"

"Nikaone."

"Ukiingia, naondoka na mashua. Haki ya Mungu nakuacha." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini makasia alikuwa ameshayashika. Kambare akafunga vifungo vyote vya shati, mpaka cha shingoni.

Mhariri alipopiga simu kuuliza habari za machimbo, Kambare aliona haya kusema. "Sikupata kina."

"Basi weka makadirio."

"Sikadirii mimi. Liondoe bwawa hilo."

Kitabu kikatoka na mabwawa kumi na sita, kikapendwa. Mwaka haujaisha, ikaja barua ya muuguzi mmoja. Alikuwa ameogelea kitabu kizima, bwawa kwa bwawa, halafu akatafuta jingine mwenyewe, akayapata machimbo. Maji safi, aliandika, yametulia kama yamelala. Alizama mara moja tu, pumzi moja.

"Niliingia nywele zikiwa wazi. Nilitoka zimesukwa mkia mmoja, ncha imefungwa. Nilikuwa peke yangu. Mwalimu, wewe unayajua maji, niambie ni nini, maana siwezi kuufumua, na kuukata naogopa."

Alimsomea dada. Dada akasimamisha cherehani, akajishika kisogo.

Kambare akampigia mhariri: toleo la pili liwe na ukurasa wa machimbo, na kwa herufi kubwa mtu akatazwe kuingia.

"Wasomaji watataka sababu, mwalimu. Niandike nini? Mkondo? Miamba?"

"Andika pana mtu."

Mhariri akacheka. Alipoona amecheka peke yake, akauliza maneno hayo yakae mstari wa ngapi.